Makali ya Patasi za Baba

Baba alinipiga kwa mpini wa nyundo siku yangu ya kwanza karakanani, kwa sababu niliruka msumeno. Ulikuwa umelazwa sakafuni kati ya mlango na meza yake, nami nilikuwa nimebeba sufuria ya gundi ya moto kwa mikono miwili. Nikaona njia fupi ni kuinua mguu na kupita juu yake. Mpini ukanipata kwenye goti, gundi ikanimwagikia kidole gumba cha mguu, na ilipokauka ilitoka na ngozi. Baba hakukitazama kidole. Alisema, "Mwanamke haruki chuma cha kukata, Maitu. Ukikiruka kinachafuka, kisha kinamkata mwenye kazi. Zunguka."

Maitu ni mama kwa Kikuyu. Mimi ndiye msichana wa kwanza kwetu, nikapewa jina la nyanya mzaa baba kama ilivyo desturi, kwa hiyo baba aliniita mama hata alipokuwa akinipiga. Wajukuu wangu hucheka nikiwaambia. Wao hawajawahi kuitwa mama na mtu aliyeshika mpini.

Hiyo ilikuwa Thika, miaka ya hamsini, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni. Karakana ilikuwa ya Mhindi mmoja, nyumba ndefu ya mabati iliyokuwa tanuri mchana na barafu asubuhi. Tulitengeneza masanduku ya matunda, na milango na madirisha ya wazungu wa kahawa kule Ruiru, na majeneza yalipohitajika, nayo yalihitajika. Wanaume wengi walikuwa wamekamatwa na kupelekwa kambini, kwa hiyo Mhindi aliwaruhusu mafundi waliobaki kuleta wake na binti zao wafagie maranda, wachemshe gundi na kushika upande wa pili wa ubao.

Mimi niliambiwa naja kufagia. Ukweli ni kwamba baba alinileta niwe macho yake.

Macho yake yalikuwa yanakufa. Yalikuwa yameingia ukungu mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na alichoona ni mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akisimama mbele yake, basi. Hakuna aliyejua ila mimi na mama. Mhindi angejua, angemfukuza siku hiyo hiyo, na Mkikuyu asiye na kazi iliyoandikwa kwenye pasibuku, kile kitabu cha kibali, hakuruhusiwa kulala Thika hata usiku mmoja. Angepakiwa kwenye lori na kurudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Huko rizavu boma letu lilikuwa limebomolewa, na mama na wadogo zangu walikuwa wamesongamanishwa na watu wengine katika kijiji kilichozungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Walikula kile tulichowapelekea. Kwa hiyo meza ya baba, ile iliyokuwa chini ya dirisha, ndiyo iliyokuwa chungu chetu. Akiipoteza meza, chungu kimepinduka.

Kila jioni vyombo vyote vyenye makali vilifungiwa ndani ya sanduku la chuma. Serikali iliogopa mikono yetu ikilala na patasi. Nyapara alivihesabu akivitupa humo, tezo juu ya msumeno, randa juu ya patasi, kama mtu anayetupa kuni. Asubuhi sanduku lilifunguliwa na kila fundi akaingiza mkono kutafuta vyake. Watu walisukumana. Aliyechelewa alibaki na takataka.

Hapo ndipo nilipojifunza kuchagua chombo, na nilijifunza kwa makofi. Vyombo vya baba vilikuwa na alama aliyoichoma kwa msumari wa moto kwenye mpini, lakini alama inafanana na alama gizani mwa sanduku. Nilimletea patasi isiyo yake, akaigusa tu, akaniambia nifumbue mdomo. Akanigongesha mpini kwenye meno. "Huu una joto la mkono wa mtu mwingine," alisema. "Wangu hauna jasho. Mpini wenye jasho huteleza. Rudi."

Nikarudi. Kidogo kidogo nikajua. Mpini mzuri mishipa yake ya mti inakwenda urefu wote, kutoka mwisho mpaka mwisho, bila kukatiza ubavuni. Ukikatiza, siku utakapougonga kwa nguvu utapasuka, na nusu itaingia kiganjani. Chuma unakining'iniza kwa vidole viwili na kukipiga kwa ukucha. Kikilia vizuri ni kizima, kikikohoa kina ufa usioonekana. Nyundo unaishika kwa mwisho wa mpini na kuitikisa karibu na sikio, ukisikia kitu kinasogea usiipokee hata kama unapewa bure. Tezo unaitazama kichwa kimekaaje na mpini, kwa maana tezo inakuja upande wako, haiendi kwa adui. Baba hakunieleza hayo kwa maneno mazuri kama ninavyoyaandika. Alinipa kibovu, akaniacha nikitumie, kikaniumiza, kisha akauliza, "Umeonaje?"

Jambo ambalo watu hawakubali mpaka leo ni hili la makali. Mjukuu wangu mmoja hapa Ruiru ana karakana yake ya viti, na mtoto anapoanza kazi humpa patasi butu ati asijikate. Nilimwambia yeye ni mpumbavu na babake pia, ingawa babake ni mwanangu. Patasi butu haikati mbao, kwa hiyo unaisukuma. Haikati, unaisukuma zaidi, unaweka bega, unaweka mwili wote. Halafu ghafla mbao inaachia, na mwili ukishaondoka hakuna wa kuusimamisha, unafuata chuma mpaka kwenye mkono wa kushoto. Patasi kali inaomba nguvu kidogo tu. Baba alinoa yake mpaka inyoe nywele za mkono. Mkono wake wa kushoto alama ilikuwa moja tu, na hiyo alisema ni ya ujana.

Hata bila macho alifanya kazi nzuri kuliko wenye macho. Kila kitu chake kilikuwa na mahali pake. Ukutani mbele ya meza alipigilia ubao wenye matundu, na patasi zilisimama humo kwa mpango, nyembamba kushoto, pana kulia, mpini juu, makali yameelekea ukutani. Randa ililazwa ubavu. Msumeno ulitundikwa. Aliinua mkono bila kutazama, akashuka nao na chombo anachokitaka, kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake. Mtu akimwona alidhani ni maringo ya fundi mkubwa.

Mmoja hakudhani hivyo.

Alikuwa mtu wetu, wa ukoo jirani, kijana wa miaka thelathini hivi, kazi yake kupigilia misumari ya masanduku. Nitamwita mpiga misumari. Alikuwa na sauti tamu na meno mazuri, na kila mtu alicheka alipofungua mdomo. Aliitaka meza ya dirishani. Alikuwa ameitaka tangu nyapara alipomwambia kwamba mzee akiondoka fundi wa milango atatafutwa humo humo ndani. Misumari haimfanyi mtu fundi, alijua, na fundi wa milango haguswi upesi wakati wa msako. Mimi namwelewa. Alitaka kuishi. Sisi pia tulitaka kuishi.

Alianza kwa maneno. "Atiriri, mzee," alisema siku moja, "hii shati niliyovaa, unaionaje? Nimeinunua jana."

Baba akaendelea kupiga randa. "Shati haiwezi kukusaidia. Tatizo liko shingoni kwenda juu."

Watu wakacheka, mpiga misumari naye akacheka, lakini nilimwona akihesabu. Kwa sababu hakuwa amevaa shati. Kulikuwa na joto, alikuwa kifua wazi. Baba alikuwa amekwepa vizuri, lakini hakusema kile ambacho mtu yeyote mwenye macho angesema.

Nilipomwambia baba jioni, akasema, "Kwa nini hukukohoa?" Akanifinya sikio mpaka likatoa damu. Tangu siku hiyo nilikuwa na kikohozi. Nilikohoa mtu akija, nilikohoa Mhindi akisimama mlangoni, nilikohoa zaidi mtu akionyesha kitu kwa kidole. Wanawake wengine wa pale walianza kunisogea mbali wakidhani nina kifua kikuu.

Nyapara yeye hakuwa mbaya, alikuwa mvivu tu, na sijui kipi kinaua zaidi. Mashoka na nyundo zilipolegea vichwa, alizitumbukiza zote kwenye pipa la maji jioni kabla ya kufunga. Mti ukinywa maji unavimba, kichwa kinashika. Asubuhi ukitikisa hakuna kinachosogea. Lakini ikifika saa sita mabati yamewaka, mti umekauka, na sasa umelegea kuliko jana, kwa maana kuvimba na kusinyaa kumeula. Baba alimwambia mara moja atie mpini mpya na kabari. Nyapara akasema mpini mpya hauanguki na mvua, unanunuliwa. Wiki hiyo kichwa cha shoka kiliruka mchana kikampata mpasua magogo mdomoni. Yule mtu aliketi chini akitemea meno kiganjani, mpiga misumari akamwambia ayapande, Mungu ni mwema, huenda yakaota. Karakana nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka. Mpasua magogo mwenyewe alijaribu. Mchana uleule nyapara alimpa mtu mwingine shoka lile lile, limetoka kulowekwa.

Mimi mashoka ya pipani sikuyagusa. Nilitumwa, nikakataa, nikapigwa na nyapara, nikaja nikaambiwa na baba kwamba nimefanya vizuri. Ndiyo mara pekee ninayokumbuka.

Kisha Mhindi akapata kazi kubwa, milango ya nyumba mpya ya mzungu wa kahawa kule Ruiru. Milango ya mbao ngumu, yenye meno ya kuingiana kila pembe, hakuna msumari. Tulipanda lori kwenda kupima. Baba alikuwa ameanzia useremala Ruiru, kwenye estate ya kahawa, akibeba mbao za fundi mmoja aliyekuwa mkali kuliko yeye, na lori lilipoanza kuteremka kuelekea mtoni alijua tumefika kwa harufu ya maganda ya kahawa. Kwenye kizuizi askari alichukua pasibuku yake, akaitazama, akamtazama yeye.

"Wewe mzee. Kwa nini huniangalii?"

Nilikohoa, lakini kikohozi hakimwambii mtu pa kutazama.

"Bwana askari," baba akasema, ameinamisha kichwa, "niliwahi kumwangalia mmoja usoni akadhani namdharau. Mgongo wangu bado unamkumbuka."

Yule askari akafurahi. Akamrudishia pasibuku, hata akampiga bega. Kule kwenye nyumba baba alipima kila mlango kwa kamba, akifunga fundo juu na fundo pembeni, mimi nikimshikia, na mzungu alidhani ndivyo Wakikuyu wanavyopima.

Lakini milango si masanduku. Kukata meno ya pembe kunataka mstari mwembamba uliochorwa kwa kisu, na patasi ikae juu ya mstari huo, si kando yake. Mstari haugusiki vizuri kwa kidole. Baba alijaribu mlango wa kwanza, meno yakacheza. Akachukua lile jino bovu, akaliramba kwa ulimi kuona limekosea wapi, akalitema. Kisha akanivuta kwa nguo akaniweka mbele yake, mgongo wangu kifuani pake, akashika mikono yangu. Kwa mtu aliyesimama mbali ilionekana kama mzee anafanya kazi na binti anashika mbao.

Kuanzia hapo milango niliikata mimi. Yeye alinipumulia shingoni na kunitukana. "Polepole, punda. Mkono wa kushoto nyuma ya makali. Nyuma. Ukiuweka mbele tena nitaukata mimi mwenyewe ili tumalize." Nilipokosea alinipiga kisigino kwa kiatu. Nilipopatia hakusema kitu, na nikajua kimya chake kinamaanisha nini. Siku fulani nilipitisha kidole kwenye pembe niliyoiunganisha, nikatafuta palipokutana mti na mti, sikupata. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Sijawahi kunywa pombe maishani, lakini najua mlevi anasikia nini.

Mpiga misumari alikuwa anatazama. Alitazama mpaka akajua kila kitu, pamoja na desturi ya msumeno, kwa sababu aliniona kila siku nikizunguka vyombo vilivyo sakafuni au kuvisogeza kwanza. Yeye ni Mkikuyu, hakuhitaji kuelezwa.

Ilikuwa asubuhi, sanduku limefunguliwa, nami nimekwisha kupanga patasi za baba kwenye ubao wake. Nikaitwa mlangoni kupokea gundi. Kurudi, nikakuta msumeno mkubwa wa watu wawili umelazwa katikati ya njia, kutoka guu la meza moja mpaka kwenye rundo la mbao. Hakuna pa karibu pa kupita ila juu yake. Ng'ambo ya msumeno namwona mpiga misumari amesimama mbele ya ubao wa baba, anajifanya anatafuta penseli. Aliichomoa patasi pana, akaigeuza, akairudisha mpini chini, makali juu. Akanitazama. Akatabasamu na yale meno yake mazuri. Baba alikuwa amegeuka anajisafisha mikono.

Nilikuwa na sufuria ya moto. Nikaiweka chini, nikakimbia kuzunguka nyuma ya pipa la maji, nikipiga kelele, "Baba, acha." Sasa fikiria watu wangapi hupiga kelele karakanani, na misumeno inalia, na wapiga misumari wako kazini. Nilipotokea upande wa pili alikuwa amekwisha kuinua mkono kama kila siku, ule mkono wa kuchukua chumvi, na kuufumba kwa nguvu.

Nilikuwa nimeinoa ile patasi mimi mwenyewe. Ilikuwa kali sana. Iliingia kiganjani mpaka ndani, na vidole viwili vya mwisho vikajikunjua vyenyewe vikabaki vimening'inia. Baba hakulia. Aliushika ule mkono kwa mwingine akawa anasikiliza damu ikidondoka kwenye maranda.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Kulikuwa na msumeno njiani, baba."

"Ungeruka."

"Ulinikataza kuruka."

"Nilimkataza mtu mwenye akili," alisema. "Sikujua nimeleta kuku."

Nimezeeka na bado nayasikia maneno hayo yakisemwa, kwa sauti ile ile ya chini. Nilirarua leso yangu nikamfunga.

Mhindi akaja, na nyapara, na wote waliokuwa na miguu. Mpiga misumari alikuwa wa kwanza kusema, tena kwa huruma. "Bwana, msimkasirikie mzee. Haoni. Ni siku nyingi haoni, tulikuwa tunamfichia."

Mhindi akamtazama baba usoni, karibu sana. Alikuwa mtu mfupi mwenye pumzi ya karafuu, si mkatili kwa kawaida, lakini alikuwa na hofu ya kupoteza kazi ya Ruiru. Akainua mkono wake mbele ya baba, juu kidogo, kama mtu aliyeshika kitu.

"Fundi. Nimeshika nini hapa?"

Hakuwa ameshika kitu. Mkono ulikuwa mtupu, vidole vimefumbwa.

Nikakohoa. Kikohozi gani kinasema mtupu?

Baba alifikiri. Namwona hata sasa, ameinua kidevu, anatafuta kile kitu hewani kwa macho yake ya maziwa. "Patasi," akasema.

Walicheka. Si wote, lakini walicheka, na baba akajua wanacheka nini, kwa sababu uso wake ulijifunga kama mlango.

Mhindi hakucheka. Alikwenda kwenye milango ya Ruiru iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akapitisha ukucha kwenye pembe, mmoja baada ya mwingine. "Hii nani amekata?"

"Mimi," akasema baba.

"Huoni mkono wangu, utaona mstari?"

"Mimi," akasema tena. Leso yangu ilikuwa imekwisha kulowa na inadondoka.

Mpiga misumari akasema kwamba kama Bwana anataka, yeye anaweza kumalizia iliyobaki, si kazi kubwa.

Basi hapo nilisema. Nilisema, "Ni mimi niliyekata. Yote. Na hiyo moja yenye meno yanayocheza ndiyo ya baba."

Nimeulizwa na binti zangu kwa nini nilisema hivyo mbele ya watu. Walitaka niseme nini? Baba alikuwa amekwisha. Mkono umekwisha, macho yamekwisha, na kila mtu ameona. Kilichobaki ni nani anakaa kwenye ile meza, mimi au yule aliyemkata. Mama na watoto walikuwa wanangoja unga. Nilisema kweli, na ningeisema leo.

Mhindi akanipa ubao na patasi, akasimama juu yangu na mikono nyuma. Nikakata jino moja, damu ya baba bado iko kwenye mpini. Akapitisha ukucha kwenye jino. Alimwambia nyapara, "Andika huyu msichana." Kisha akamwambia, "Na huyu mzee lori la kesho."

Mpiga misumari alirudi kwenye masanduku yake. Kwa muda mrefu hakuwa na mzaha wa kumpa mtu.

Siku ya pili baba alikuja na lori linamngoja nje, askari amekaa mbele na dereva. Akaomba kuaga vyombo vyake. Vilikuwa vyake kweli, alivinunua kimoja kimoja tangu Ruiru, Mhindi alijua. Lakini hakuna Mkikuyu ambaye angepanda lori la kwenda rizavu na mfuko wa patasi. Wangempiga risasi kabla ya kufika Gatanga. Kwa hiyo Mhindi alisema aviguse, kisha aende.

Nilidhani atanikabidhi vyombo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyodhani, niliosha hata mikono.

"Nipe ile nyembamba," akasema.

Nikampa. Akaishika kwa mkono mzima, akapapasa kwa kiwiko mpaka akapata jiliwa, lile koleo kubwa la chuma la kubania mbao lililofungwa mezani kwake. Akainua patasi akaigonga makali kwenye taya la jiliwa. Kipande cha chuma kikaruka kikalia juu ya bati. Akaidondosha.

"Inayofuata."

Nikampa inayofuata. Angeweza kuzitafuta mwenyewe kwenye ubao, alijua kila moja ilipo. Alitaka nimpe mimi. Nikampa zote, moja moja, kutoka kushoto kwenda kulia, naye akazivunja makali zote. Ile pana iliyomkata aliigonga mara nyingi kuliko zingine. Ulimi wa randa pia. Msumeno hakuweza, aliukunja kwa goti mpaka ukabaki na kibyongo. Jasho lilimtoka. Mafundi walikuwa wameacha kazi wanatazama, na mpiga misumari alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, sijui kwa kicheko au kwa nini.

"Mzee, wewe mwenda wazimu," Mhindi akasema. "Mtoto wako atafanya kazi na nini?"

"Si mtoto," baba akasema. "Ni fundi. Fundi ana vyombo vyake."

Akatoka akiugusa ukuta. Hakuniita Maitu wala jina lolote. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikamwongoza mguu kwenye chuma cha kupandia lori, akakubali mguu uongozwe lakini mkono wangu akausukuma.

Mhindi alinipa vyombo vya sandukuni, vile vilivyokohoa, nami nikamalizia milango ya Ruiru navyo, sijui kwa neema gani. Saa ya chakula nilikaa na jiwe la kunolea na kopo la maji. Kurudisha makali yaliyovunjika si kunoa, ni kula chuma. Unasugua mpaka uufikie mwisho wa pengo, na pengo likiwa refu unasugua wiki. Mteremko wa makali nao lazima uuweke upya, usiwe mwembamba mno yakavunjika tena, usiwe mnene yakakataa kuingia. Niliukosea mara nyingi. Vidole viliota malengelenge, yakapasuka, yakaota magumu, nayo ninayo mpaka leo. Ile nyembamba ilibaki fupi kama kidole cha mtoto. Ile pana iliyomkata baba ilinishinda kwa muda, niliiacha mwisho, na ilipotengemaa ikawa ndiyo ninayoipenda. Nilizipanga tena zote kwenye ubao kama alivyozipanga. Msumeno wenye kibyongo niliutupa.

Mpiga misumari alikuja siku moja kuniomba patasi ya kuazima, akaniita mama fundi. Nilimwambia akachukue shoka kwenye pipa la nyapara. Akakasirika akaniambia mimi nina roho ya baba yangu. Nilimshukuru.

Halafu kulikuwa na mama mmoja aliyeruhusiwa kupita kati ya kijiji chetu na Thika, mke wa mwalimu wa kanisa, ndiye aliyewapelekea unga wangu. Akaja karakanani akasimama nje kwenye jua, hakutaka kuingia kwenye vumbi. Akanipa salamu za mama, nani amezaa, nani amekufa. Baba alikuwa hai. Anakaa mlangoni na mkono umekauka kama mguu wa kuku, hasemi na mtu.

"Lakini juzi alisema," yule mama akasema. "Aliniita, akaniuliza kama msichana amezinoa. Sikuelewa anasema nini."

"Mwambie zinakata," nikasema. "Mwambie zinakata kuliko alipokuwa nazo yeye."

Yule mama akasema yeye ni Mkristo na hawezi kumpelekea mzee kipofu maneno ya namna hiyo kutoka kwa mtoto wake, nitafute ya heri nimtume.

Nikamwambia sina mengine, na kama hayo ni mazito kwake, basi apeleke unga peke yake. Nikarudi ndani, kwa sababu gundi ilikuwa inachemka.